Vidole Vitatu vya Basilisa

Katika mji mzima wa Iloilo hapakuwa na mtu aliyejua kuwadharau watu kwa sauti tamu kama Fulgencio Sorongon. Alikuwa na sauti nene na laini, kama ya mtu anayekuombea dua, na kila siku ya kazi, saa moja hadi saa mbili asubuhi, wakati watu wanakaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu, sauti hiyo ilitoka katika redio za mji ikijibu maswali. Kipindi kiliitwa Muulize Maestro. Lolote liulizwe, la sayansi, la historia, la jikoni, hata la chooni. Maestro analo jibu.

Rosenda Palmares, fundi mitambo, alikuwa amekaa upande wa pili wa kioo cha studio yake kwa miaka kumi na mmoja, na alijua majibu yalikotoka. Yalitoka katika vitabu ishirini vya maarifa ambavyo Fulgencio aliwahi kuvitembeza nyumba hadi nyumba enzi za uchuuzi wake, seti moja ambayo hakuna mtu aliyeinunua. Kila asubuhi alisoma kurasa mbili garini, akaingia studio akazitapika kama akili yake mwenyewe. Ualimu hakuufanya hata siku moja. Jina la Maestro, yaani mwalimu, alijipa, watu wakalipokea.

Lakini kujibu hakukuwa raha yake. Raha yake ilikuwa kile kilichotangulia jibu.

“Maestro,” mama mmoja wa Jaro angeuliza kwa simu, “kwa nini mayai ya chumvi yanapakwa rangi nyekundu?”

“Umekula mayai hayo miaka mingapi, Mama?”

“Tangu utotoni, Maestro.”

“Na swali limekufikia leo. Polepole limekuja, lakini limefika.” Hapo Fulgencio aliinua kidole chake cha mwisho, Rosenda akabonyeza kitufe, na mbuzi akalia mji mzima ukasikia. *Meee!* Ndipo jibu likafuata: rangi haina ladha wala dawa, ni alama tu, muuzaji asije akakuuzia yai bichi kwa bei ya yai la chumvi, nawe ukalipasulia juu ya wali wako.

Dereva mmoja alimuuliza kwa nini mishale ya saa inazunguka kuelekea kulia. “Kwa sababu ingeelekea kushoto,” alisema Fulgencio, “wewe ungefika kazini jana.” Mbuzi. Kisha akaeleza kwamba mafundi wa kwanza wa saa waliishi nchi za kaskazini ya dunia, nao waliiga mwendo wa kivuli cha jua walichokizoea. Laiti saa ingebuniwa kusini kabisa, leo tungeisoma kinyume.

Majibu yalikuwa mazuri, hilo Rosenda hakuweza kulikana. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba watu waliyapenda matusi. Walipiga simu ili watukanwe. Walijisifu sokoni: “Leo Maestro kanililia mbuzi!” Kuna siku Rosenda aliwadharau wao kuliko alivyomdharau yeye. Na kuna siku, akitazama kidole chake mwenyewe juu ya kile kitufe, alijua kuna mwingine wa kudharauliwa humo studio, ila hakupenda kukaa sana na wazo hilo.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa sita, mvua ikipiga mabati, Fulgencio alisoma barua ya mwanafunzi wa Pavia. Binti alitaka kujua kwa nini ncha za vidole hukunjamana mtu akikaa majini.

“Rahisi,” alisema Fulgencio. “Hata babu yako asiye na meno angekujibu. Ngozi inafyonza maji, inavimba, inakuwa kubwa kuliko kidole chenyewe, na isipopata pa kwenda inajikunja. Kwa heri, binti wa Pavia. Swali jingine lije, na lije na akili kidogo.”

Simu ikaita. Rosenda akaiunganisha.

“Habari za asubuhi, Maestro,” ilisema sauti kavu ya mwanamke mtu mzima. “Naitwa Basilisa. Nafua nguo za watu hapa Molo.”

“Nang Basilisa!” alidakia Fulgencio, kama wanavyoitwa dada wakubwa kwa heshima. “Mji unakushukuru kwa mashati yake. Haya, swali.”

“Sina swali. Hilo ulilosema si kweli.”

Fulgencio aliegemea kiti, akatabasamu kwenye kioo. Rosenda alilijua tabasamu hilo; ndilo alilokuwa nalo kila alipoletewa sahani ya chaza.

“Si kweli, eti. Enhe, tufundishe.”

“Nafua tangu alfajiri mpaka mchana, mikono yote imo majini. Mkono wa kulia, vidole viwili vinakunjamana. Vitatu havikunjamani kabisa. Dole gumba, cha shahada na cha kati. Havijakunjamana miaka arobaini. Sasa kama ni maji tu kuingia kwenye ngozi, kwani hayo maji yanachagua?”

“Labda vitatu hivyo havifui, Nang. Labda ni vya kunyooshea watu tu.” Kidole cha mwisho kikainuka, mbuzi akalia. “Sikiliza, Mama yangu. Ukiloweka dagaa bakuli moja, haiwezekani mmoja akalowa na mwenzake akabaki mkavu. Ngozi ni ngozi. Au vitatu umevipaka mafuta ya nguruwe?” Mbuzi. “Au leo umeamkia mnazi?”

Mbuzi akalia mara ya tatu. Rosenda ndiye aliyembonyeza.

“Sijaamkia mnazi,” alisema yule mwanamke bila kupandisha sauti. “Nitakuja uone.”

“Karibu sana! Alhamisi. Na sabuni ulete.”

Baada ya kipindi Fulgencio alitoka studio akijifuta jasho la shingoni, amefurahi kama aliyeshinda uchaguzi. “Watu kama hawa, Senda,” alisema, “ndio wanaotulisha. Mungu asiwaelimishe.”

“Umemwambia njoo. Akija je?”

“Hawaji. Hawa wanabweka kwenye simu tu. Na akija, nitamla mzimamzima.”

Alhamisi Basilisa alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na ushee, mwembamba, amevaa gauni la kanisani na kandambili, na chini ya kwapa amebeba beseni la bati jeupe lenye ukingo wa buluu. Aliukunja mwavuli, akaukung'uta nje kama mtu mwenye adabu zake, akaingia. Kwa Fulgencio aliinamisha kichwa mara moja tu, kumsalimu. Kiti alichopewa alikitazama, akakipangusa kwa kiganja, ndipo akakalia.

“Wasikilizaji wapenzi,” Fulgencio alikwishaanza, “leo sayansi imetutembelea yenyewe. Imekuja na kandambili.”

Basilisa alisonya. Msonyo ule ulitoka vizuri sana hewani.

“Maji ya uvuguvugu,” alimwambia Rosenda, aliyeingia na chupa ya maji moto ya kahawa na jagi la maji ya bomba. “Hivyo hivyo. Na iwe nusu saa. Pungufu ya hapo, hata vile viwili havitaonyesha kitu, halafu huyu atasema nimeshindwa.”

Akatumbukiza mkono wa kulia. Fulgencio aliendelea na maswali mengine: kwa nini kitunguu kinaliza, kwa nini jogoo huwika kabla hakujapambazuka. Kila baada ya dakika chache alilirudia beseni. “Bado tunachemsha mchuzi, wasikilizaji. Harufu bado nzuri.” Aliinua kidole chake, na Rosenda alijifanya hakuona. Alipokiinua mara ya pili akamkazia macho kupitia kioo, Rosenda akainamia karatasi zake.

Yalipofika matangazo ya biashara, Fulgencio alitoka kwenda kuvuta sigara. Rosenda aliingia kuongeza maji ya moto.

“Inday,” Basilisa alimwita, kama wanavyoitwa mabinti, ingawa Rosenda alikuwa na miaka arobaini, “huyu bwana amesomea wapi?”

“Hakusoma popote, Nang.”

“Nilidhani. Aliyesoma huuliza mambo mawili matatu kwanza.” Aligeuza kifundo cha mkono ndani ya maji. Palikuwa na kovu jeupe limekatiza upande wa kiganja kama uzi. “Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafungua chaza za harusi ya dada yangu. Kisu kikateleza. Damu ilikoma, jeraha likafunga, lakini tangu siku hiyo vitatu hivi havihisi kitu. Sindano havihisi, moto havihisi. Nikipiga pasi ya mkaa, nanusa vinavyoungua ndipo najua.”

Rosenda alisimama na ile chupa mkononi. “Mbona hukumwambia hilo kwenye simu?”

“Aliniuliza?”

Taa nyekundu ikawaka, Rosenda akakimbilia kiti chake. Fulgencio alirudi na harufu ya tumbaku, akatazama saa ya ukutani. Dakika thelathini na mbili.

“Na sasa, wasikilizaji, mkono unatoka majini. Nang, hebu.”

Basilisa aliutoa mkono, akaukung'uta, akauweka juu ya meza, kiganja juu, chini ya taa. Fulgencio aliinama. Rosenda alisimama nyuma ya kioo.

Kidole cha mwisho kilikuwa kimekunjamana kama zabibu kavu. Dole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa laini, vinang'aa, kama vya mtu aliyetoka kitandani. Lakini kilichomfanya Rosenda asogeze uso mpaka pua ikagusa kioo kilikuwa kidole cha pete. Kilikuwa kimegawanyika katikati. Upande unaotazama kidole cha mwisho ulijaa mikunjo; upande unaotazama cha kati haukuwa nayo hata mmoja. Mpaka ulipita kwenye kidole kama uliochorwa kwa rula. Mtu anaweza kupaka vidole mafuta, anaweza kudanganya namna nyingi, lakini nani angebuni uongo wa nusu kidole?

Fulgencio aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko redio inavyoruhusu.  Rosenda alifikiri, kwa sekunde moja hivi, kwamba huenda miaka kumi na mmoja alikuwa akimkosea mtu huyu, kwamba sasa atacheka, atasema *nimeshindwa, Nang, sijui.* Ilikuwa fursa nzuri ya kuwa mtu mzima.

“Wasikilizaji,” alisema Fulgencio kwa ile sauti ya dua, “macho yangu yako juu ya mkono. Na vidole vyote vitano, narudia, vitano, vimekunjamana. Mbwembwe za Molo zimeishia hapa.”

Basilisa alinyanyua uso. “Wee mwanamume,” alisema, “huoni, au huna haya?”

Lakini hilo mji haukulisikia. Fulgencio alikuwa amepitisha kiganja chake shingoni, ile ishara ya kukata, na mkono wa Rosenda, mkono wa mazoea, mkono wa mbuzi, ulikwishashusha sauti ya Basilisa kabla kichwa chake hakijaambiwa. Basilisa aliiona ishara ile, akajua mji haumsikii. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaja mpaka kwenye kioo, akaubandika mkono wake wazi mbele ya uso wa Rosenda, maji yakichuruzika kiooni. Akangoja.

Chumba cha mitambo kilikuwa na maikrofoni moja ndogo ya kutangazia saa. Rosenda aliifungua.

“Hapa ni chumba cha mitambo,” alisema, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe kwa wembamba wake. “Mimi ni Rosenda Palmares. Nautazama mkono wa Nang Basilisa, uko karibu na uso wangu kama kikombe cha kahawa. Vidole vitatu havijakunjamana. Cha pete kimekunjamana nusu. Maestro amewadanganya. Na si uongo wake wa kwanza, ila huu nimeuona.”

Kisha akapandisha sauti ya Basilisa mpaka juu, akamwashiria arudi kwenye maikrofoni yake.

“Ninafua nyuma ya kanisa la Molo,” Basilisa aliuambia mji. “Asiyeamini aje. Asubuhi mkono wangu huwa majini daima, silipishi kiingilio.” Alimwaga maji ya beseni kwenye ndoo ya takataka ya Fulgencio, juu ya karatasi zake, akalibeba beseni, akatoka.

Fulgencio alicheka. Alikuwa hodari, lazima kusema. “Wasikilizaji, tumewapima! Tulitaka kujua kama mko macho!” Lakini kicheko hakikupata mbuzi wa kukisindikiza, kikafa peke yake.

Simu zilianza kuita zote pamoja. Mojawapo ilikuwa ya Daktari Concordia Villaruz, mpasuaji mzee wa mifupa na viungo. Fulgencio alikataa kuipokea hewani. Rosenda aliipokea pembeni.

“Huyo mama ana kovu kifundoni?” daktari aliuliza bila salamu.

“Analo, Daktari. La kisu.”

“Nilijua. Mpumbavu yule anatuharibia watu. Andika. Mikunjo si kazi ya maji peke yake. Ngozi hailowi tu kama mkate. Ni mishipa ya fahamu inayotoa amri, mishipa midogo ya damu ndani ya ncha za vidole inajibana, nyama inapungua kwa ndani, ngozi ya juu inaporomokea na kujikunja. Mshipa wa fahamu ukikatwa, amri haifiki. Na kidole cha pete kina mishipa miwili, mmoja kila upande, ndiyo maana kimegawanyika. Madaktari wamelijua jambo hili tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mtoto mchanga akikatwa mkononi, hawezi kunieleza kama anahisi au hahisi, basi naloweka mkono wake nauangalia. Huyo mwanamke amelijua miaka arobaini kwa beseni, na kwa shukrani mmemlilia mbuzi.”

Rosenda aliandika yote nyuma ya karatasi ya matangazo ya biashara. Alipokata simu Fulgencio alikuwa amesimama nyuma yake. Aliichukua karatasi mkononi mwake, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Kesho yake aliisoma. “Kama nilivyowadokeza jana kwa ule mzaha wetu,” alianza, akaendelea na mishipa ya fahamu, mishipa ya damu, watoto wachanga, neno kwa neno. Daktari hakutajwa. Basilisa alitajwa kama “mfuaji mmoja”. Rosenda aliyasikia hayo akiwa nyumbani, kwa sababu mwenye kituo alikuwa amemsimamisha wiki mbili kwa kuzungumza hewani bila idhini. Na mji? Mji ulifurahi. Barua zilizidi mara mbili. Watu walisema Maestro ana vituko, Maestro anajua kutega watu. Waliokwenda Molo kuutazama mkono wa Basilisa walikuwa wachache kiasi kwamba majirani waliwajua kwa majina.

Rosenda alikwenda Jumatatu ya wiki ya pili. Alimkuta nyuma ya kanisa, penye pampu, amechutama juu ya beseni kubwa lenye povu, gauni amelikunja magotini.

“Nang, nimekuja kuomba radhi.”

“Ya nini?” Basilisa hakuacha kusugua. “Ulisema kweli.”

“Ya mbuzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbonyeza.”

Mikono ilisimama. Basilisa alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, bila haraka, kama anayetafuta doa kwenye shati.

“Kumbe ni wewe. Mimi nilidhani ni mashine.” Alitema mate pembeni. “Basi sikiliza, Inday. Yule bwana ni debe tupu na hajijui. Anaamini kweli kuwa ana kitu kichwani. Wewe ulijua hana, na ukambonyezea miaka yote hiyo. Sasa ukinipangia foleni ya watu wa kudharau, yeye nampa namba mbili.”

 Rosenda alikuwa amejiandaa kwa kusamehewa, hata machozi kidogo aliyaweka tayari, na sasa alisimama kwenye tope na machozi yake hayana kazi. Alimweleza tu aliyoyasema daktari, kwa sababu alihisi maneno yale ni mali ya mwanamke huyu: amri, mishipa miwili, kidole cha pete. Basilisa alisikiliza kwa makini, mkono ameuinua mbele ya macho, akiugeuza upande huu na ule.

“Amri,” alisema. “Kwa hiyo mwili unafanya makusudi.”

“Ndivyo.”

“Kwa faida gani? Mwili haufanyi kazi ya bure. Sabuni mara zote hunichopoka upande huu wa vidole laini.”

“Labda kwa sababu havihisi, Nang.”

“Labda. Au mikunjo inasaidia kushika kilicholowa. Daktari anasemaje?”

“Sikumuuliza. Mimi sijui.”

Basilisa aliguna. Kwa mara ya kwanza ule mdomo wake ulilegea kidogo, ingawa kuuita huo tabasamu kungekuwa kutia chumvi.

“Kamuulize basi. Na yeye asipojua, aseme hajui, uje uniambie vivyo hivyo.”

Rosenda alikwenda, na daktari alisema hajui, wala hamjui anayejua. Redioni hakurudi. Mwezi ulipokwisha alikuwa anatengeneza redio za watu kwenye kibanda Jaro, na asubuhi, saa ya kipindi, alizijaribu zote kwenye kituo cha muziki. Lakini siku ile ya Molo alikuwa hajayajua hayo. Basilisa alikuwa ameopoa shuka zito la nyumba ya wageni kutoka povuni, akamtupia ncha moja.

“Shika. Zungusha kulia kwako, mimi nazungusha kulia kwangu. Kamua, Inday, kamua! Unalishika kama unaogopa kulichafua.”

Rosenda akakamua, maji yakamwagikia viatuni.